Kitabu Alichokificha Rukia

Auburn, Sydney
Majira ya baridi

Kwa Mama yangu, mzazi wa marehemu mume wangu Yakubu,

Assalaam aleikum, Mama. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri na lile goti limekupa nafasi ya kusali kwa kusimama. Sisi huku tu wazima, mimi na mjukuu wako, ukiondoa mafua ambayo kwa baridi ya hapa hayahesabiwi kuwa ugonjwa. Wifi Shirini, najua ni wewe unayesoma. Soma polepole, tafadhali, na usiruke mahali kwa kumwonea Mama huruma. Kuna jambo humu linamhitaji yeye mwenyewe, na asipolisikia lote hatajua ninachomwomba.

Nianze na kazi, maana najua utauliza. Bado niko kwenye ile nyumba ya wazee kule Guildford, chumba cha kufulia. Mashuka yanaletwa kwa matoroli, yanaingia kwenye mashine kubwa kama jiko la mwoka mikate, yanatoka ya moto, tunayakunja. Mikono imekauka hadi uzi wa khanga unanasa kwenye vidole. Njeri, yule muuguzi Mkenya aliyenitafutia kazi, huja kuchukua mashuka yake na kunichekesha kidogo. Juzi nilimwambia, "Tafadhali dada yangu, niwie radhi, mito bado haijakauka." Akashika kiuno. "Wewe Mwanaidi, hiyo Kiswahili yako iko na sukari mob. Siku moja itanilaza wodi." Nikicheka na Njeri nusu saa inapita bila kuihisi. Siku ambazo hayupo, kazi ni ndefu.

Uchovu wenyewe nao umebadilika, Mama. Zamani nilikuwa nachoka jioni, kama watu wote. Tangu Yakubu aondoke naamka nimeshachoka, kama vile kuna mtu alinitangulia akaifanya siku kwa mwili wangu. Nasali, navaa, namvisha mtoto, natoka. Sisemi haya ili unisikitikie. Nasema kwa sababu nadhani na wewe unaujua uchovu huu, na hapa sina mwingine aliyempoteza mtu yule yule.

Sasa jambo lenyewe.

Majuma machache yaliyopita mwalimu wa Rukia aliniita shuleni. Ni msichana bado, jina lake Julie, uso umejaa madoadoa ya jua. Nilikwenda na nguo zangu za kazi, nanuka sabuni. Akanikalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakanikaribia kidevu, naye akakaa kwenye kingine kama hicho ili tulingane.

"Rukia hajakosa adabu," alisema haraka, maana aliniona nimeingiwa na hofu. "Ila kuna kitabu anakificha."

Akanieleza. Darasa lile lina watoto wengi wa asili ya kule Bara Hindi. Wengine wazazi wao wametoka India kwenyewe, wengine Pakistani, wengine Sri Lanka, wengine Fiji. Mwalimu aliona vyema akusanye vitabu vya hadithi za watoto vinavyohusu watu hao na mila zao, akavipanga kwenye rafu moja chini ya dirisha, na kila siku mchana anawasomea kimoja. Alitaka kila mtoto ajione kitabuni. Rukia, kwa jina la baba yake na nywele za baba yake, akahesabiwa humo. Lakini kuna kitabu kimoja ambacho kila kikirudishwa kwenye rafu, yeye hukiondoa. Wamekikuta nyuma ya hita. Wamekikuta ndani ya kapu la mipira. Mara moja wamekikuta chini ya karatasi taka. Tena wakati wa kusomewa hadithi unapofika, Rukia huziba masikio na kuimba polepole peke yake, hadithi yoyote iwayo.

"Nilidhani wenzake wanamtania," alisema Julie. "Au vitabu vyenyewe vinamuudhi. Wewe utajua kuliko mimi. Nakuomba uvitazame."

Nikavitazama. Mama, laiti ungekuwa umekaa pembeni yangu na tambuu yako. Cha kwanza kilikuwa na mwana wa mfalme juu ya tembo, kilemba kina kito cha ukubwa wa yai. Cha pili mzee anapiga zumari, nyoka anachomoza kwenye kikapu. Cha tatu mvulana na chui mwenye milia, marafiki wanaokwenda kuoga mtoni pamoja. Picha zilikuwa nzuri, rangi za kutamanisha, nami sisemi kwamba ni uongo. Huenda kule kuna watu wa namna hiyo. Lakini nilifunua kurasa nikitafuta mtu wetu hata mmoja. Hakuna mama aliyevaa pachedi. Hakuna Mhindi mwenye kitambi anayesukuma baiskeli yenye pancha. Hakuna bibi anayegomba kwa Kikachi na kulia kwa Kiswahili, halafu anapakua mchicha wa nazi.

"Baba yake alikuwa Mhindi, sivyo?" Julie aliniuliza.

"Mhindi wa Tanga," nikamjibu.

"Tanga iko upande gani wa India?"

"Upande wa Afrika."

Akawa mwekundu hadi masikioni, kisha akacheka, nami nikacheka. Ni mtu mwema. Akanisimulia kwamba siku ya kitabu cha mwana wa mfalme watoto walimgeukia Rukia wakamuuliza kama baba yake alikuwa na tembo. Rukia akawaambia hapana, alikuwa na foklifti. Akawaeleza jinsi inavyonyanyua masanduku hadi karibu na paa. Mvulana mmoja akaamua kwamba foklifti ni bora, maana haili na haikojoi.

Nilimkumbuka Yakubu siku tuliyompeleka Rukia kwenye bustani ya wanyama. Alishika chuma cha uzio kwa mikono miwili akamkodolea macho yule mnyama. "Mwanaidi," akasema, "mtu mzima nimetoka Afrika kuja Australia kumwona tembo." Watu walidhani analia. Alikuwa anacheka.

Kisha Julie akanipa kile kinachofichwa. Pembe zake zimekunjika kwa kusokomezwa huku na huku. Kinahusu familia ya Kihindi inayoishi kwenye mji wa baridi kule Uingereza. Baba ni dereva wa basi la usiku. Asubuhi anarudi, anavua koti, anakaa na fulana yake kwenye ukingo wa kitanda cha binti yake, chupa ya chai iko sakafuni, na anamsimulia hadithi. Dirishani mchoraji ameweka jua kubwa la manjano. Hakuna tembo. Yule baba ameinama vile vile alivyokuwa anainama Yakubu, mabega mbele, kama mtu anayetaka kukupa kitu kutoka mfukoni. Nikakiweka magotini, sikuweza kufunua ukurasa mwingine.

"Hiki ndicho cha kweli," nilimwambia.

"Ndicho anachokichukia," akasema.

Lazima nikueleze, Mama, asubuhi za nyumba hii zilivyokuwa, kwa sababu sidhani kama nimewahi kukuandikia. Yakubu alikuwa akifanya kazi usiku kwenye ghala kule Seven Hills. Alikuwa anarudi kwa treni wakati mimi najiandaa kuondoka, tunapishana mlangoni, yeye ananuka makaratasi ya maboksi. Ndiye aliyempa Rukia chai na mkate, ndiye aliyempeleka shule, kisha ndipo akalala. Na kwenye chai ile alikuwa akimsimulia hadithi zako. Ya kunguru aliyekwenda harusini bila mwaliko. Ya mfinyanzi na mkewe mbishi. Mimi nilikuwa nasikia mwanzo tu, nikifunga viatu. "Paukwa!" Na huyu mtoto, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, alikuwa anaitikia kwa sauti ya kuamsha jirani: "Pakawa!"

Ukutani jikoni tuna saa mbili. Moja ya hapa, moja Yakubu aliitega kwa wakati wa Tanga. Kila asubuhi kabla hajaanza alikuwa anafanya mchezo ule ule. Anakunja uso kama wewe, anasema, "Bibi alitukataza hadithi za mchana. Anayesikiliza hadithi mchana hufiwa na mzazi." Halafu ananyoosha kidole kwenye ile saa. "Lakini tazama. Kwa Bibi sasa ni usiku wa manane. Tumo ndani ya sheria." Wanacheka wote wawili. Ndipo hadithi inaanza.

Niliporudi kutoka shuleni nilimweleza Njeri habari ya kitabu. Akasema, "Mtoto ako na uchungu, na ameuficha kama hiyo kitabu. Kuna watu huku kazi yao ni kuongea na watoto. Mpeleke, hawaumi." Nimekubali, na nitampeleka. Ila nilitaka kwanza nimuulize mimi mwenyewe.

Nikamuuliza Jumapili, baada ya adhuhuri. Nilikuwa namenya viazi, yeye yuko sakafuni na rangi zake. Alinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, nami nakuandikia kwa Kiswahili.

"Rukia, kile kitabu cha baba dereva kimekukosea nini?"

"Hakuna."

"Mbona unakificha?"

"Ili watu wasikisome."

"Na wakikisoma?"

Akaendelea kupaka rangi. Kisha akasema, "Yule baba anamsimulia mchana. Na wao hawana saa ya Tanga."

Niliweka kisu chini, Mama. Nikaketi naye pale sakafuni, na kidogo kidogo yote yakatoka. Kulikuwa na Jumapili moja ya mvua, mimi niko kazini, baba yake yuko nyumbani. Alasiri akamwomba hadithi. Yakubu akatazama saa akamwambia hapana, sasa hata kwa Bibi kumekucha. Mtoto akambembeleza. Akamshika mkono akambembeleza tena. Yakubu akasema, "Haya, moja tu, fupi, Bibi hatasikia." Akamsimulia. Na ni wiki ile ile moyo ulimsimama kazini, katikati ya masanduku.

"Mimi ndiye nilimwomba," akaniambia. Neno hilo alilisema kwa Kiswahili.

Mtoto huyu amelibeba jambo hili muda wote huu, anakwenda shule, anakula, anaoga, anacheza kamba na wenzake, na sikujua. Nilimuuliza na kuziba masikio darasani ni kwa nini. Akanitazama kama vile nauliza kitu ambacho kila mtu anakijua. "Miss Julie anasoma baada ya chakula cha mchana. Kwa Bibi jua limeshatoka. Na mimi nimebaki na wewe tu."

Nilimwambia yote ninayoyajua. Kwamba daktari alisema mishipa ya baba yake iliziba tangu zamani, kabla hata yeye hajazaliwa. Kwamba siku ya mtu imeandikwa na Mwenyezi Mungu, haisogezwi mbele wala nyuma na hadithi ya kunguru. Alinisikiliza kwa adabu, kama tunavyomsikiliza mchuuzi mlangoni tukijua hatutanunua. Nikamwambia hata kwetu Pangani tulikatazwa hadithi za mchana, tena sisi tuliambiwa tutaota mkia. Akanichungulia nyuma, nusura acheke. Lakini akatikisa kichwa.

"Wewe unajuaje?" akasema. "Neno si lako. Neno ni la Bibi."

Hapa ndipo nilipomwomba Wifi asiruke.

Mama yangu, nimekaa na barua hii siku nyingi kwa kuogopa mstari huu. Usidhani nakurushia neno. Najua ulilisema kwa nini. Ulilisema ili vyombo vioshwe na maji yatekwe, kama bibi yako alivyokuambia wewe, na nyumba yenye watoto saba ingeendeshwaje bila neno kama lile? Yakubu mwenyewe alilipenda. Hakulirudia kwa hofu, alilirudia kwa sababu akilisema uso wako unakuja mezani, na mtoto ambaye hajawahi kukuona alikujua kwa neno hilo kabla ya kukujua kwa picha. Kwa hiyo usilichukue likawa mzigo mwingine juu ya ule ulio nao. Ulimzaa, na hukupata hata kumwosha. Sitaki barua yangu ikuongezee chochote. Kama umelia, Wifi akupe maji, mpumzike, kisha msome yaliyobaki.

Ninachokuomba ni hadithi moja kwenye kaseti. Simu haitafaa. Ile ya dukani kwa jirani yako ina mwangwi, watu wanasubiri nyuma, na kadi yangu hukatika katikati ya salamu. Nataka kitu anachoweza kukirudia hata mara mia.

Isimulie mchana, Mama. Si asubuhi na mapema wala jioni jioni. Jua liwe kichwani. Madirisha yawe wazi ili kinasa sauti kiyashike ya nje, muuza kahawa na vikombe vyake, watoto wakitoka shule, adhana ya adhuhuri ikikukuta katikati ya hadithi nayo iingie, ungoje imalizike, uendelee. Mwambie ni saa ngapi. Mwambie umekaa wapi na jua linakupiga upande gani. Na Wifi Shirini akae mbele yako asikilize mwanzo hadi mwisho, asifunike masikio, aitikie "Pakawa" kwa nguvu, kwa sababu yeye ndiye mwana na wewe ndiye mzazi. Rukia ataielewa hesabu hiyo bila kuambiwa.

Kisha msiifunge kaseti. Lala, amka, na kesho yake uwashe tena ile ile, umsalimie mjukuu wako. Mwambie umekula nini. Mgombeze kidogo ukitaka. Asikie sauti yako baada ya usiku kupita. Ukiweza fanya hivyo na siku ya tatu pia.

Hadithi iwe yoyote. Ikiwa ile ya kunguru inakuuma kwa sababu ya Yakubu, chagua nyingine. Ikiwa umesahau mwisho, malizia utakavyo, hakuna atakayekusahihisha. Sauti ikikatika kwa kilio, usirudi nyuma kufuta.

Julie nimemweleza. Alifunika mdomo kwa mkono. Nilimwomba asikiondoe kile kitabu moja kwa moja, maana katika rafu nzima ndicho pekee chenye baba anayefanana na wetu. Amekitia kwenye droo ya meza yake hadi kaseti ifike. Kwa sasa, wakati wa kusoma, anamruhusu Rukia akae nje kwenye ngazi na kuchora. Rukia anaona huo ni utaratibu mzuri. Mimi nikiwa kazini, wakati huo ukifika, namwona amekaa pale kwenye baridi, analinda uhai wangu, na mikono yangu inasimama juu ya shuka.

Nisalimie Baba Mdogo Idrisa, aliyetuombea dua kwenye simu siku ile niliposhindwa kusema. Nisalimie Shangazi Zulekha na macho yake, natumaini miwani inamfaa. Mama yangu mzazi akija Tanga kutoka Pangani kwa ajili ya hospitali, mpe pole yangu na umwambie sijakonda kama picha inavyoonyesha. Wifi Shirini, wewe nakusalimia kwa kukudai. Ulisema utakuja kunisuka nywele, na mpaka leo nazifunga kwa kilemba kama mwana wa mfalme, na tembo hunipi.

Rukia ameniona naandika. Ameuliza ni kwa nani, nikamwambia. Ameuliza kama nimesema yote, nikamwambia nimesema. Akafikiri. Akataka kujua kama barua ni hadithi. Nikamwambia barua si hadithi. Akasema hata hivyo ingekuwa bora isomwe usiku, tusibahatishe, kwa sababu Shangazi Shirini ataisikia na Bibi ni mama yake. Nimemwahidi kuliandika ombi hilo, nami nimeliandika, ila limekuja hapa chini kabisa, mahali ambapo msomaji anafika akiwa ameshasoma yote. Kama ni mchana huko, mtanisamehe. Mwambieni kwenye kaseti mliisoma saa ngapi.

Mimi mkamwana wako akupendaye,
Mwanaidi, mama Rukia